Ongeza Ishirini, Toa Ishirini

Zidisha 28 kwa 32, kichwani, bila kugusa simu. Wengi wetu tutaanza kuandika hewani kwa kidole: nane mara mbili kumi na sita, andika sita, weka moja. Mbadilisha fedha mmoja wa Busia alinipa jibu kabla sijafunga mdomo. Nilikuwa na shilingi 32,000 za Kenya, na bei aliyonipa siku hiyo ilikuwa 28 za Uganda kwa kila shilingi moja. "Laki nane, tisini na sita," akasema, na tayari alikuwa ameshalamba kidole aanze kuhesabu noti. Nikamwambia ngoja kwanza, hiyo hesabu umeipigaje? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumuaje.

"Thelathini mara thelathini ni mia tisa. Pesa yako imezidi thelathini kwa mbili, bei yangu imepungukiwa na mbili. Mbili mara mbili, nne. Toa nne."

Nikatoa simu nikahakikisha. 896 kamili, halafu elfu zake.

Hesabu hiyo niliisoma kidato cha pili, kama ulivyoisoma wewe. Mwalimu aliiandika ubaoni pamoja na dada zake wawili, akatuambia tuzikariri zote tatu kwa sababu hazikosi kwenye mtihani: (a + b)(a − b) = a² − b². Tukakariri. Tukaitumia kufungua mabano na kufunga mabano, tukapata alama zetu, tukaendelea na maisha. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mtu ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mpaka wa Uganda anayekula kwa hesabu hiyo kila siku, bila mabano.

Jibu la kuzidisha, vitabu vya hesabu vya Kiswahili huliita zao. Zao la 28 na 32 ni 896. Ni neno lile lile la mahindi na maharagwe, na mimi naona waliolichagua walijua wanachofanya. Upande mmoja wa shamba mara upande wa pili, unapata ukubwa wa kile utakachovuna. Nitarudi shambani. Kwanza tuangalie zao linavyobadilika.

Anza na 30 mara 30, ambayo ni 900. Sasa chukua moja upande huu uiweke upande ule: 29 mara 31 ni 899. Chukua mbili: 28 mara 32 ni 896. Tatu: 27 mara 33 ni 891. Tano: 25 mara 35 ni 875. Kumi: 20 mara 40 ni 800. Ishirini: 10 mara 50 ni 500. Thelathini: sufuri mara 60, umebaki mikono mitupu.

Ukijumlisha kila jozi hapo unapata 60. Kuanzia 30 na 30 mpaka sufuri na 60, jumla haijasogea hata kidogo. Zao ndilo linaloporomoka, na linaporomoka kwa mpangilio: 1, 4, 9, 25, 100, 400, 900. Ni miraba mitupu. Ukihamisha d kutoka upande mmoja kwenda mwingine, unapoteza d mara d.

Aljebra inaonyesha kwa nini. (30 − 2)(30 + 2): unapata 30 mara 30, halafu unaongeza 30 mara 2, halafu unatoa 2 mara 30, halafu unatoa 2 mara 2. Zile mbili za katikati zinauana. Inabaki 900 toa 4. Weka x mahali pa 30 na d mahali pa 2 na hadithi haibadiliki.

Sasa tazama hatua ya kwanza tena, kutoka 900 hadi 899. Nani atagombana kwa sababu ya moja? Ndiyo maana jambo hili linaishi miongoni mwetu bila kushtakiwa. Masikio yetu yamezoea jumla. Mtu akituambia "nimetoa mbili hapa nikaweka mbili pale," tunasikia sufuri, na ikiwa mbili ni ndogo, sufuri hiyo ni karibu kweli. Shida inaanza pale d inapokuwa kubwa na bado tunasikia sufuri.

*

Chukua bei za soko. Muuzaji wa mitumba pale Bumala ana koti la 1,000. Desemba inakaribia, watu wanarudi nyumbani, anapandisha asilimia 20: 1,200. Januari hakuna mtu ana pesa, anapunguza asilimia 20. Ungedhani tumerudi 1,000. Tumefika 960. Jaribu kinyume: anza kwa kupunguza, 800, halafu pandisha asilimia 20. 960 tena. Utaratibu haujalishi, kwa sababu kuzidisha hakujali nani alitangulia. 1.2 mara 0.8 ni 0.96, yaani moja toa 0.2 mara 0.2. Ni ile hesabu ya mbadilisha fedha, isipokuwa pale katikati pana 1 badala ya 30.

Kwenye koti ni shilingi 40, nauli ya boda. Lakini mwaka 2020, korona ilipoingia, rafiki yangu aliyeajiriwa Nairobi alikatwa asilimia 30 ya mshahara. Alikuwa anapokea 50,000, akaanza kupokea 35,000. Mwaka uliofuata ikaja barua pepe ya furaha: hali imetengemaa, tunawarudishia asilimia yenu 30. Watu wakashangilia kwenye grupu la WhatsApp. Mwisho wa mwezi ikaingia 45,500.

"Si wametupatia 30 yote?" akaniuliza kwenye simu.

Walimpatia 30, ila 30 ya nini? Walipokata, walikata asilimia 30 ya 50,000, ambayo ni 15,000. Waliporudisha, walirudisha asilimia 30 ya 35,000, ambayo ni 10,500. Zile 4,500 zilizopotea ni asilimia 9 ya mshahara wa zamani, na 9 inatoka kwenye 0.3 mara 0.3. Ili kumrudisha mahali alipokuwa, walihitaji kumwongezea karibu asilimia 43. Sijui kama aliyeandika barua ile alifanya kusudi, na kwa kweli haikuhitaji kusudi. Maneno yalikuwa sahihi. Asilimia 30 ilitoka, asilimia 30 ikarudi.

Shika hilo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: kinachotolewa hupimwa kwenye kitu kikiwa kizima. Kinachorudishwa hupimwa kwenye kitu kilichokwisha kupunguzwa.

*

Mpakani watu wanaijua kanuni hii kwenye mifuko yao hata kama hawaijui kwa jina. Tena hapa palikuwa na wakati ambapo haikuhitajika. Mpaka miaka ya 1960 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mtu wa Butula angeweza kuuza kuku Busia ya huku na kununua ndizi Busia ya kule bila kubadilisha kitu. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake, na mwanzoni moja ya Kenya ilikuwa sawa na moja ya Uganda. Kuzidisha kwa moja hakubadilishi chochote, kwa hiyo hata hapo mambo yalikuwa sawa. Baadaye ile moja ikaanza kusogea, na kila inaposogea anapatikana mtu wa kuketi katikati.

Kukhu wangu alikuwa na hadithi moja ya pesa za Uganda ambayo aliisimulia kila mtu alipotaja benki. Alikuwa akiuza vyungu na mtama kule ng'ambo, na akiba yake aliiweka kwa pesa za kule. Mei 1987 serikali ya Uganda ikabadilisha noti: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30 ya ubadilishaji. Mwenye 50,000 za zamani alitakiwa kupata 500 mpya, akatoka na 350. Kukhu alilia zile sufuri mbili maisha yake yote. "Walinikata sufuri," alikuwa akisema, akionyesha kwa vidole viwili kama mkasi.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba sufuri mbili hazikumuumiza. Ukigawanya pesa kwa 100 na bei ya chumvi ukaigawanya kwa 100, chumvi unayoweza kununua ni ile ile. Kilichomuumiza ni ile 0.7, ambayo ilizidishwa kwenye akiba yake bila kuzidishwa kwenye bei ya chumvi. Ila 0.7 haionekani. Sufuri zinaonekana. Kukhu alimlaumu yule aliyemwona.

Na huyu mbadilisha fedha wetu? Ana bei mbili. Ukimpa ya Kenya anakupa 28. Ukitaka kurudi kwenye ya Kenya anakudai 29. Nenda na 10,000: unapata 280,000. Geuka hapo hapo urudi: 9,655. Hujanunua hata soda. Hajakuibia pia, huo ndio mshahara wake wa kukaa juani na mabunda ya noti. Lakini fanya safari hiyo mara kumi na 10,000 yako inakuwa kama 7,040, kwa sababu 28 kugawanya kwa 29 inazidishwa kwa yenyewe mara kumi. Kila safari inakata kidogo tu, na kila mkato unaanzia pale mkato uliopita ulipoishia.

Mama yangu alifanya biashara mpakani miaka mingi kabla magoti hayajamkataza, na hakuwahi kufanya safari hiyo. Alikuwa anavuka na bidhaa, sabuni na mafuta ya kupaka, anauza, na pesa za Uganda anazipata anazimaliza kule kule kwa maharagwe na mayai. Anarudi na mzigo. Boda boda za baiskeli, ambazo zilizaliwa hapa hapa kwa kuwavusha watu kama yeye kutoka boda hadi boda, zilimbeba na trei zake za mayai zimefungwa kwa mpira. Nilipomuuliza kwa nini hakuwa akirudi na pesa tu, nyepesi, akanijibu: "Pesa ikivuka mara mbili inarudi imekonda." Mama aliishia darasa la saba. Hiyo sentensi ni aljebra.

*

Kwetu ni Marachi, upande wa Butula. Baba alipofariki alimwachia mama kipande cha ardhi ambacho kwa bahati kiko mraba kabisa: mita 60 kando ya barabara ya murram, mita 60 kuteremka kuelekea mtoni. Mita za mraba 3,600, karibu ekari moja. Shamba la baba mdogo linakizunguka kwa ubavuni na kwa chini, kama herufi L.

Miaka michache iliyopita barabara ile ilianza kuchangamka. Pikipiki, duka la mpesa, kinyozi. Baba mdogo akataka kujenga vyumba vya biashara, na upande wake wa barabara ulikuwa mwembamba. Akaitisha kikao Desemba, wakati watoto wote tuko nyumbani, ili mambo yaonekane ni ya wazi. Wazee watatu wakaja. Chini ya mwembe kukapangwa viti, chai ikamiminwa.

Alizungumza vizuri, na sisemi hivi kwa kejeli. Akasema ardhi ni ya ukoo, akasema marehemu kaka yake angekubali, akasema hataki kumdhulumu mjane. "Shemeji," akamwambia mama, "tunasogeza mpaka mita ishirini hapa juu, ubavuni. Na mimi nakuongezea mita ishirini kule chini. Ishirini inatoka, ishirini inaingia. Hupotezi hata unyayo."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza kuhusu ua, na baba mdogo alikuwa amejiandaa: mzunguko wa kipande cha sasa ni mita 240, na mzunguko wa kipande kipya ni mita 240. Hata seng'enge haitabadilika, ni ile ile. Hapo vichwa vikatikisika zaidi. Nani angebisha? Kamba ile ile inazunguka pote pawili.

60 na 60. 40 na 80. Jumla 120 huku, jumla 120 kule. Nikaisikia sauti ya mbadilisha fedha: ishirini mara ishirini, mia nne. Toa mia nne.

Sasa, kuijua hesabu na kuisema mbele ya wazee ni vitu viwili tofauti. Mimi ni binti. Nikianza habari za a na b, ningeambiwa nikaongeze chai. Kwenye mkeka pembeni yetu kulikuwa na mahindi yanaanikwa. Nikainuka, nikachukua konzi moja, nikaomba ruhusa kwa mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote, nikaondoa vikombe kwenye meza ndogo.

Nikapanga punje 36, mistari sita ya punje sita. "Mzee, kila punje hapa ni kipande cha mita kumi kwa kumi. Hili ndilo shamba la mama. Huku barabara, huku mto."

Akahesabu kwa kidole. Sita, sita. Sawa.

"Baba mdogo anasogeza mpaka mita ishirini. Hiyo ni mistari miwili kutoka juu mpaka chini." Nikaisukuma ile mistari miwili upande wa baba mdogo. Punje 12. "Sasa anarudisha mita ishirini kule chini. Hiyo ni mistari miwili, ila shamba sasa lina upana wa punje nne tu." Nikapanga nne chini, na nne nyingine chini yake. "Amechukua kumi na mbili. Amerudisha nane."

Punje nne zilibaki peke yake mbele ya baba mdogo, kando ya kikombe chake.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha kawaida tu, cha watu wanaohesabu. Mzee alizihesabu zote upya, mara mbili, midomo ikichezacheza. Halafu akauliza, si mimi, baba mdogo: "Hizi nne ni za nani?"

"Hizo ni hesabu za Nairobi," baba mdogo akasema. "Na huyu kesho ataolewa, ya mipaka anayatakia nini?"

"Mahindi hayajatoka Nairobi," mzee akasema. "Yametoka hapa mkekani."

Mita za mraba 400. Ploti ya futi 50 kwa 80, ambayo watu mjini wanaikopea benki, ni kama mita za mraba 370. Hiyo ndiyo iliyokuwa inapita kati ya "ishirini inatoka" na "ishirini inaingia," mchana kweupe, mbele ya mashahidi watatu waliokunywa chai yetu. Na narudia nilichosema kuhusu ile barua pepe ya mshahara: sijui kama baba mdogo alijua. Inawezekana aliamini kila neno. Kipimo alichokitumia, kamba ya kuzunguka, kilimwambia kwamba hakuna kilichopotea.

*

Kipimo hicho kina historia ndefu. Euclid, aliyefundisha Alexandria kule Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliweka jambo hili hili kwenye kitabu cha pili cha kazi yake, pendekezo la tano, kwa michoro, bila herufi moja ya aljebra: ukikata mstari katikati, halafu ukaukata tena mahali pasipo katikati, mstatili wa vile vipande visivyolingana unapungukiwa na mraba wa umbali kati ya mikato hiyo miwili. Ni punje zangu nne. Maji ya mito yetu ya Busia huingia Ziwa Victoria, na ya ziwa huingia Nile, na Nile humwaga baharini jirani na Alexandria, kwa hiyo siwezi kusema hesabu hii ni ya mbali.

Miaka mia nane hivi baada ya Euclid, Proclus, aliyemfafanua, aliandika kuhusu watu waliogawana ardhi na wenzao kwa kupima mzunguko. Walichukua kwa ajili yao vipande vyenye eneo kubwa, wakawaachia wenzao vyenye mzunguko mrefu, na wakasifiwa kwa uaminifu wao. Niliposoma hilo nilicheka kwa sauti. Kumbe baba mdogo ana ndugu zake wa zamani sana.

Kwa nini tunadanganyika kwa namna ile ile kwa miaka elfu na mia tano? Nadhani ni kwa sababu mzunguko unaweza kuutembea. Unaweka mguu mmoja mbele ya mwingine, unahesabu, unarudi ulipoanza. Eneo haliwezi kutembewa. Lazima ulipande, au ulipange kwa punje, au uzidishe. Jumla ni kitu cha miguu. Zao ni kitu cha jembe.

*

Baba mdogo alijikaza na kuuliza swali ambalo ni la haki kabisa: basi kingekuwa sawa kiasi gani? Hapo aljebra inajibu haraka. Unataka 40 mara kitu fulani iwe 3,600. Kitu hicho ni 90. Akitoa 20 juu, arudishe 30 chini. Nikapanga punje tena: nne kwa tisa, 36, hakuna iliyobaki. Wazee wakapumua. Baba mdogo akasema, vizuri, thelathini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kurudisha vikombe mezani, nikijua mambo yameisha.

Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu chai iletwe, akainama akaokota punje moja ya juu, ya upande wa barabara, na punje moja ya chini kabisa. Akaziweka kwenye kiganja akamwonyesha mzee.

"Hizi zinalingana," akasema. "Shamba langu halilingani. Hii ni barabara. Hii ni chura."

Wote tuliwahi kufika kule chini. Mvua kubwa ikinyesha, mita thelathini za mwisho kabla ya mto hazilimiki, ni za nduma na nyasi. Mbele ya barabara mita ishirini ni vyumba vitano vya biashara. Aljebra yangu ilikuwa imehakikisha kwamba mama anapata mita za mraba 3,600, na ingemwachia chura 3,600 kwa uaminifu kamili. Ukizidisha upande kwa upande umekubali kwamba kila punje ni sawa na mwenzake. Hiyo ni nguvu ya hesabu, na pia ndipo inapoishia. Mama aliingoja ifike mwisho wake, halafu akaendelea mwenyewe.

"Mpaka uko pale baba yao alipouacha," akasema. "Shemeji, chai imepoa, nikuongezee?"

Mzee alifunga kikao kwa maombi. Mpaka haukusogezwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inasema mila na desturi zinazobagua kijinsia katika mambo ya ardhi ziondolewe, na nilikuwa nimejiandaa kuitaja, lakini haikufika huko. Punje 36 zilitosha, na punje mbili zilimaliza.

Nisikudanganye kwamba tulitoka hapo tukikumbatiana. Krismasi ile baba mdogo hakuja kula kwetu. Mwaka mzima salamu yake kwangu ilikuwa ya kidevu. Wajomba wengine walisema nimemwaibisha mzazi mbele ya watu, na nikiwa mkweli, sijui ni njia gani ambayo ningeweza kutumia kusema "nne zimebaki" bila mtu kuona haya. Kuna hesabu ambazo ukizitamka kwa sauti zinamkata mtu fulani, hata ukitamka polepole, hata ukiomba ruhusa.

Ila siku hizi nikisikia "tumetoa na tumerudisha," iwe ni bungeni, iwe ni barua ya ofisi, iwe ni programu ya mkopo kwenye simu inayonirudishia kiwango changu "kama zamani," nauliza swali moja: asilimia ya nini? Ilipimwa kabla, au baada ya kukata? Mara nyingi anayejibu anakuwa hajawahi kujiuliza. Mara chache anakuwa anajua kabisa, na hapo unaona jinsi anavyotafuta mahali pa kuweka macho.

Baba mdogo alijenga mwishowe, kwenye upande wake mwembamba, vyumba viwili badala ya vitano. Kimoja ni duka. Mama ananunua sukari pale, kwa sababu ni karibu na kwa sababu ni shemeji yake, na wakati mwingine anachelewa kurudi maana wanaongea. Nimemwona akipokea chenji. Anamshukuru, anaihesabu, halafu anaihesabu tena.